Goti la mama "limeisha ute", tuuze pikipiki tumchome sindano?

"Habari dokta. Mama yangu ana miaka 61, ni mama lishe hapa Morogoro, kazi hiyo anaifanya zaidi ya miaka ishirini sasa. Magoti yanamsumbua huu mwaka wa tatu, la kulia ndo zaidi. Akikaa kwenye kigoda kuinuka mpaka ashike ukuta, asubuhi anaanza kwa kuchechemea halafu baada ya muda linakubali. Tumempiga eksirei tukaambiwa goti limesagika na ute umeisha, achague kuchomwa sindano za kuongeza ute, laki tatu kila goti, au asubiri mpaka abadilishiwe goti. Wakamwambia pia apunguze kutembea. Anakula bamia kila siku, anameza diklofenaki za duka la dawa, na presha anayo, anatumia dawa zake. Nimesoma kuwa utafiti wa miaka mingi umeonyesha huu ugonjwa hauponi, unazidi tu. Ni kweli? Nafikiria niuze pikipiki tuchome hizo sindano, au tusubiri?"

Mpe mama shikamoo yangu kwanza. Na pikipiki usiiuze, walau si wiki hii, nisome mpaka mwisho ndo uamue. Halafu niseme mapema kuwa mimi ni fizio, wale mnaotuita madaktari wa mazoezi, sishiki kisu, kwa hiyo nikigusa mambo ya upasuaji jua naongea kama mtu ninayepokea wagonjwa kabla hawajakatwa na baada ya kukatwa.

Umeuliza mambo mengi ila naona kinachokunyima usingizi ni kimoja, kwamba goti la mama ni kama tairi, likishaanza kulika ni kuhesabu siku tu mpaka lipasuke, na kila hatua anayotembea inalimaliza. Hiyo picha ya tairi ndo naomba tuitoe kichwani maana ndo inayofanya watu wakae chini, wanenepe, misuli iishe, na kweli goti linakuja kuwa baya.

Tuanze na ute, kwa sababu ndo unaouza sindano. Goti zima lenye afya lina ute kidogo sana, haufiki hata kijiko kimoja cha chai. Unatengenezwa na utando laini uliozunguka goti kwa ndani, unachujwa kutoka kwenye damu, kisha utando unaongezea vitu vya kuufanya uteleze. Ni kila siku huo, haukuwekwa siku umezaliwa ukaanza kupungua kama mafuta ya taa kwenye kibatari. Sasa kwenye ugonjwa wa mama, ambao hospitali wanauandika osteoathraitisi, mara nyingi goti linakuwa na maji MENGI kuliko kawaida, ndo maana linavimba na kuwa kama limejaa, ila ule ute umekuwa mwepesi, hauna ule uzito wake. Kwa hiyo hata neno lenyewe "ute umeisha" linapotosha. Na kingine, eksirei haioni ute. Haioni hata gegedu, ile ngozi nyeupe laini inayofunika ncha za mifupa, kama ile unayoikuta kwenye mfupa wa kuku pale kwenye maungio. Eksirei inaona mfupa, na inaona uwazi kati ya mfupa na mfupa, ukiwa umepungua ndo tunakisia kuwa gegedu limepungua. Aliyesema ute umeisha hakuuona popote kwenye ile filamu.

Bamia, jamani. Sijui nani alianza, ila kila wiki lazima nipate mtu anakula bamia asubuhi na jioni kwa ajili ya magoti kwa sababu zinateleza na ute wa goti nao unateleza. Ule utelezi wa bamia ukifika tumboni ni chakula kama chakula kingine, sehemu unasagwa na sehemu unatoka, hauna njia ya kwenda gotini ukabaki vilevile. Mama aendelee na bamia zake kama anazipenda, ni mboga nzuri, ila asizipe kazi isiyo yake.

Sasa hilo la utafiti wa miaka mingi. Uliyoyasoma ni nusu ya kweli, na nusu iliyoachwa ndo yenye raha.

Kuna mji Marekani unaitwa Framingham, karibu na Boston. Mwaka 1948 walianza kuwafuatilia watu wa pale kwa ajili ya magonjwa ya moyo, wanawapima mara kwa mara miaka nenda rudi. Kati ya 1983 na 1985, wakati wengi wao ni wazee wa miaka 63 kwenda juu, wakapigwa na eksirei za magoti. Kama thuluthi hivi walikuwa na magoti yaliyochoka kwenye picha. Lakini waliokuwa na picha mbaya na maumivu kwa pamoja hawakufika hata kumi katika mia. Yaani kulikuwa na wazee kibao wanatembea na magoti ambayo angeyaona yule aliyemsomea mama eksirei angewaambia wakauze pikipiki, na wao hawaumwi. Baadaye hukohuko Framingham wakachukua watu 710 waliozidi miaka 50 ambao eksirei zao ni SAFI kabisa wakawapiga MRI, kile kipimo cha picha kinachoonyesha hata vitu laini ndani ya goti, majibu yakatoka 2012: 89 katika mia wana walau dosari moja ndani ya goti, anayeumwa na asiyeumwa. Mimi nikipokea mgonjwa ameshika bahasha ya eksirei mkononi huwa namwambia aiweke mezani kwanza, nataka nimwone anavyoinuka kwenye benchi. Picha nitaiangalia, ila baadaye.

Utauliza, kama si kusagika, kinachouma ni nini? Gegedu halina mishipa ya fahamu, haliwezi kuuma lenyewe hata likitaka. Kinachouma ni vitu vya jirani, mfupa ulio chini yake ukielemewa unavilia maji kwa ndani, ule utando wa ute ukipata moto unavimba, misuli inakaza, na mwili ukiumwa muda mrefu hata ubongo unaanza kuwa mkali, kitu kidogo unakisikia kikubwa. Kuna utafiti mwingine wa watu kama elfu tatu wa Iowa na Alabama, ulianza 2003, wenyewe walikuwa wanarudia MRI, na wakakuta kule kuvilia kwa mfupa na kuvimba kwa utando kunapanda na kushuka, kukishuka maumivu nayo yanashuka. Gegedu lililoondoka halirudi, hilo ni kweli na nisikudanganye, hakuna dawa leo inayoliotesha. Ila vitu vinavyouma vinaweza kupoa. Hapo ndo pa kushika.

Na hili la "unazidi tu". Mwaka 2004 Marekani wakaanza utafiti mkubwa kuliko hiyo yote, watu 4,796 wa miaka 45 mpaka 79, wakawa wanawapima magoti mwaka hadi mwaka. Walipochambua maumivu ya wale wenye ugonjwa kwa miaka sita, hawakukuta watu wanateremka wote kama jiwe kwenye mlima. Wakagawanyika makundi makundi, kuna wenye maumivu madogo, ya kati, makubwa, na wengi walibaki humohumo kwenye kundi lao miaka yote sita, juu kidogo chini kidogo. Wapo waliozidiwa, siwafichi. Lakini si hukumu ya kila mtu.

Kuhusu kupunguza kutembea, hapo sikubaliani kabisa na walivyomshauri. Gegedu halina mishipa ya damu, linakula kwa kubanwa na kuachiwa, kama sponji ya kuoshea vyombo, ukiikamua inatoa maji machafu ukiiachia inanyonya mengine. Asiyetembea gegedu lake linashinda njaa. Kwenye huohuo utafiti wa watu elfu nne na ushee waliwaangalia wenye miaka 50 kwenda juu ambao picha inaonyesha ugonjwa, na ambao mwanzoni hawakuwa na maumivu ya mara kwa mara. Kati ya waliokuwa wanatembea kwa mazoezi, 26 katika mia walikuja kupata hayo maumivu, na kati ya wasiotembea ni 37 katika mia. Huwezi kusema kutembea ndo kulikuwa sababu peke yake, huenda wanaotembea wana mengine mazuri, ila anayesema kutembea kunamaliza goti aje aeleze hizo namba.

Kinachomwumiza mama, kwa maelezo yako, mimi nakiona kwenye kigoda. Mama lishe anakaa kigoda kifupi, jiko la mkaa liko chini, anainama kukoroga, anainuka kuchukua sahani, anakaa tena, mara hamsini kwa siku, miaka ishirini, na goti likiwa limekunjwa mpaka mwisho ndo linapata mzigo mkubwa. Beijing walishachunguza hili la kuchuchumaa, maana wanawake wa kule ni wembamba kuliko wa Framingham lakini magoti yao yalikuwa mabaya zaidi. Wakawauliza wazee walipokuwa na miaka 25 walikuwa wanachuchumaa saa ngapi kwa siku, na waliokuwa wanazidisha, saa tatu na zaidi, ugonjwa kwao ulikuwa kama mara mbili ya wale waliochuchumaa chini ya nusu saa. Kwa hiyo kabla ya sindano yoyote tafuta fundi anyanyue jiko liwe juu ya meza ya matofali, usawa wa kiuno, na mama apate stuli ndefu ambayo akikaa goti linabaki chini ya nyonga. Chooni kama ni cha shimo tafuta kile kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati. Kama anaswali na kusujudu kunamtesa, aswali kwenye kiti, ruhusa ipo kwa mwenye udhuru na wazee wengi wanafanya hivo.

Uzito hukuutaja, na mimi sitamkisia mtu unene kwenye maandishi, ila kama upo hesabu yake ni hii. Marekani walipima wazee wanene wenye ugonjwa huu waliopungua, wakakuta kila kilo moja iliyotoka mwilini inaondoa kama kilo nne kwenye goti kwa kila hatua. Kilo tano ni kilo ishirini, kila hatua. Ndoo ya maji hiyo. Na Framingham wanawake waliopungua kama kilo tano katika miaka kumi, uwezekano wao wa kuja kupata goti la kuuma ulishuka zaidi ya nusu. Najua kumwambia mama lishe apungue ni kama kumwambia samaki asilowane, anaonja chakula siku nzima. Anza na soda na chai ya sukari nyingi, na lile ukoko na mafuta ya kwenye sufuria la pilau analolimalizia mwisho wa siku kwa sababu "kutupa dhambi".

Dawa yenyewe hasa ni misuli ya paja. Hii ya mbele ndo inayobeba goti, na goti likiuma ubongo unaizima, inanyauka, ndo maana mama anashika ukuta. Kuiamsha hahitaji gym. Chukua kiti cha plastiki kiegemeze ukutani kisiteleze, weka mto juu yake kiwe kirefu, mama akae, avuke mikono kifuani, asimame polepole kisha akae POLEPOLE zaidi, asijitupe, kukaa ndo zoezi. Mara kumi, apumzike, tena kumi, siku tatu kwa wiki. Ikiwa rahisi mto unatoka. Akiwa kitandani akunje kanga aiweke chini ya goti, aikandamize kwa goti ahesabu mpaka tano aachie. Na kutembea tambarare, robo saa kwanza. Akichechemea sana ashike fimbo, na fimbo inashikwa mkono wa KUSHOTO kama linalouma ni la kulia, karibu kila mtu anakosea hapo.

Ataumia kidogo, mwambie mapema asije akatishika akaacha. Sheria tunayowapa ni kwamba maumivu yakiwa hayazidi nusu, yaani sifuri hamna, kumi ni ya kutoa machozi, mpaka tano endelea, bora kesho asubuhi goti liwe limerudi kwenye hali yake ya kila siku. Likiamka limevimba au linauma kuliko jana amezidisha, apunguze nusu, asiache. Na si wiki moja. Wiki sita mpaka nane ndo anaanza kusema "mbona leo sijashika ukuta". Majaribio mengi yamelinganisha, nafuu ya mazoezi haipitwi na ya vidonge vya maumivu, na haitoboi tumbo.

Tukija kwenye vidonge, hapa ndo nina wasiwasi na mama kuliko hata goti. Diklofenaki kila siku kwa mtu mwenye presha inapandisha presha, inaumiza figo, inaleta vidonda vya tumbo, na kwa moyo si nzuri. Kama kati ya dawa zake za presha kuna ya kukojoa, figo zinabanwa zaidi. Asimeze tena mpaka amwone daktari wake wa presha, ampeleke vidonge VYOTE kwenye mfuko, na vya mitishamba pia, maana kuna dawa za chupa zinauzwa kama mizizi ya magoti kumbe ndani zimechanganywa steroidi, dawa kali za kuzima uvimbe, mtu anapona siku tatu anashangilia, miezi sita sukari imepanda na uso umevimba. Diklofenaki ya kupaka ni habari nyingine, inaingia kidogo sana kwenye damu na kwa goti inasaidia, amuulize daktari hiyo.

Sasa sindano zenu. Za ute, mwaka 2022 walikusanya majaribio 169 ya miaka yote wakayapima pamoja, nafuu ilikuwepo ila imezidi kidogo mno ile ya sindano ya uongo isiyo na dawa, kidogo kiasi kwamba mgonjwa hawezi kuisikia kama tofauti ya maana. Utakutana na mtu atakwambia "mimi nilichomwa nikapona", na haongopi, kwanza maumivu haya yanapanda na kushuka yenyewe na watu huchomwa siku yamepanda, pili sindano yoyote ya gotini hata ya maji ya chumvi huwa inawapa wengi unafuu. Laki sita kwa hilo? Ya steroidi inatuliza wiki kadhaa, inafaa siku goti limewaka sana, ila isiwe mazoea: 2017 walichapisha jaribio la watu 140, wengine wanachomwa steroidi kila miezi mitatu kwa miaka miwili wengine maji ya chumvi, maumivu yakawa sawa na gegedu la waliochomwa steroidi likawa limepungua zaidi. Ile ya damu yako mwenyewe inayozungushwa kwenye mashine, Australia walijaribu kwa watu 288, haikushinda maji ya chumvi. Na wakija na "tuingize kamera tusafishe goti", Houston walishawahi kuwachana watu ngozi tu bila kusafisha chochote, na baada ya miaka miwili hawakupishana na waliosafishwa kweli. Ilitangazwa 2002 na bado watu wanasafishwa.

Goti bandia ni kitu cha kweli na silipingi, na pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, wanaliweka. Denmark waliwagawa wagonjwa 100 waliokuwa tayari wanastahili upasuaji, nusu wakabadilishiwa goti kisha mazoezi, nusu mazoezi na uzito na ushauri bila kisu. Baada ya mwaka waliokatwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi, tusipindishe, lakini madhara makubwa yalikuwa kwao zaidi, mfano damu kuganda mguuni, na wale wasiokatwa theluthi mbili walipata nafuu ya maana na robo tu ndo waliomba wakatwe ndani ya mwaka huo. Goti bandia zuri linadumu, kama 82 katika mia yanafikisha miaka 25. Ila kama mtu mmoja katika watano huwa haridhiki nalo, na kwa anayekaa kigoda na kusujudu kulikunja mpaka mwisho inakuwa shida. Kwa mama mimi ningelifikiria akiwa amefanya mazoezi ya kweli miezi sita na bado usiku halali na dukani hafiki. Na hata hapo miezi sita haijapotea, aliyeingia chumba cha upasuaji na paja lenye nguvu anatoka kitandani mapema.

Kuna mambo ambayo usiningoje mimi wala mazoezi. Goti likiwa la moto, jekundu, limevimba ghafla, na homa juu, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, usaha ndani ya goti unaliharibu kwa siku chache. Likikwama halinyooki, akianguka akashindwa kulikanyagia, kigimbi kikivimba mguu mmoja, au maumivu ya usiku yasiyoacha na anakonda, vilevile. Na kama ule ugumu wa asubuhi unazidi saa nzima, na vidole vya mikono vinavimba, au kidole gumba cha mguu kinawaka ghafla usiku, basi huenda si ugonjwa huu niliouandika, kuna rumatoidi na kuna gauti na zina dawa zake tofauti kabisa, sisi tumezoea kuziita zote baridi yabisi halafu tunazichanganya. Kwa mama, umesema asubuhi linakubali baada ya muda. Muulize ni muda gani. Chini ya nusu saa inaendana na niliyoyasema.

Leo jioni akimaliza kuosha vyombo mkalishe kwenye kile kiti bila mto, mikono kifuani, washa saa ya simu sekunde thelathini, hesabu anasimama kamili mara ngapi. Akishindwa hata moja bila kushika andika sifuri, hamna aibu. Mwanamke wa umri wake tunategemea kumi na mbili hivi. Iandike kwa mkaa hapo ukutani jikoni na tarehe. Baada ya wiki sita mhesabu tena kwenye kiti hichohicho, kisha niandikie hizo namba mbili ndo tuongee habari ya pikipiki.